Majenerali wa Kariakoo

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Waingereza walioichukua Dar es Salaam waligundua kwamba mji una majenerali wengi kuliko jeshi lao. Walikuwa wapagazi, makarani, maboi wa nyumbani na askari walioachishwa kazi. Siku za kazi waliitikia "Ndiyo, bwana" na kuinamisha vichwa. Siku ya ngoma walijipanga mistari, filimbi ikalia, na yule aliyeshinda juma zima akipiga pasi mashati ya ofisa akapokea saluti kama kanali. Mwaka 1919 ripoti za wasiwasi zilikuwa zinapita ofisi moja hadi nyingine. Hawa ni nani? Amri wanapata wapi? Na kwa nini baadhi yao wanajiita kwa vyeo vya Kijerumani wakati Mjerumani ameshaondolewa?

Ngoma hiyo ni beni, na haikuanzia Dar es Salaam. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, aliifuata nyuma hadi Mombasa na Lamu ya miaka ya 1890. Kituo cha wamisionari cha Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa, kilikuwa na bendi ya watumwa walioachwa huru. Vijana wa pwani wakasikia tarumbeta, wakautazama mwendo wa gwaride, wakauchukua. Hawakuuchukua kama ulivyo, lakini. Pwani ilikuwa na desturi kongwe ya mtaa kushindana na mtaa kwa ngoma, mashairi na karamu, na gwaride la Mzungu likatumbukizwa humo humo. Bendi moja haikuwa na maana pasipo ya pili ya kuitambia.

Dar es Salaam nayo ikagawanyika. Upande mmoja Marini, chama cha watu wa mjini waliojiona wastaarabu, wenye elimu kidogo na kazi za ofisini. Upande wa pili Arinoti, ambako walijazana waliotoka bara, wachukuzi na vibarua. Vita vikaipa ngoma hiyo miguu. Askari na wapagazi wa Wajerumani na wa Waingereza waliibeba kutoka pwani hadi maziwa makuu, kisha hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambako iliacha watoto wake: malipenga, mganda na kalela. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Waliobaki wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ndio walioachia jina eneo walilopiga kambi nyuma ya Mnazi Mmoja, na mwaka 1923 jengo la soko lililojengwa na Wajerumani likafunguliwa hapo kwa biashara. Kariakoo ilianza, basi, kama mahali pa watu waliovaa sare za wengine.

Kuitazama beni kama uigaji tu ni kuikosa. Ilikuwa na kanuni. Mtu aliingia akiwa hana cheo, akapanda ngazi kwa michango, kwa ukakamavu wa gwaride, kwa kukirimu wageni. Aliyekosa adabu alitozwa faini. Mgonjwa aliuguzwa, maiti alizikwa, na mwanachama aliyefika mji wa ugenini aliulizia upande wake akapokewa kwa cheo kile kile alichoondoka nacho. Bunduki zilikuwa za mbao, amri zilikuwa za kweli.

Kulikuwa na jambo jingine lililoifanya ikolee. Jenerali wa beni alipewa jina, vazi na mahali pa kusimama, ila hakuna aliyempa maneno yaliyoandikwa kabla. Maneno aliyatunga mwenyewe, au mtunzi wa upande wake alimtungia, papo kwa papo, kujibu kejeli ambazo Marini wamewatupia Arinoti au Arinoti wamewatupia Marini. Kisa cha msimu mzima kilitungwa kwa majibizano: nani kafilisika kwa karamu, nani kakimbiwa na mke, nani anajiita mfalme na kodi ya nyumba hajalipa. Watazamaji walifuata mkasa huo wiki hadi wiki, na hakuna aliyejua utaishia wapi, hata wachezaji.

Wamarekani walikuja kuugundua mchezo wa namna hiyo baadaye sana, wakiwa wameketi mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons kutoka mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Kila mchezaji huchukua nafasi ya mtu fulani, mpiganaji au mchawi tuseme, mmoja wao husimulia mambo yanayowakuta, na dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Baada ya saa nne mezani pana hadithi ambayo hakuna mtu mmoja aliyeitunga. Haikuchukua muda hadithi hizo kuingia vitabuni. Andre Norton alitoa riwaya ya Quag Keep mwaka 1978 baada ya kucheza na Gygax. Mwaka 1984 Margaret Weis na Tracy Hickman wakaanza mfululizo wa Dragonlance, uliotokana na mchezo waliokuwa wakiuunda kazini. Japani walikwenda mbali zaidi: mwaka 1986 jarida moja lilianza kuchapa mazungumzo ya kikundi cha wachezaji jinsi yalivyokuwa, na kutoka hapo ikazaliwa riwaya ya Record of Lodoss War.

Kisha ikaja hofu. Mwaka 1983 mama mmoja wa Virginia, aliyefiwa na mwanawe, alianzisha chama cha kuupinga mchezo huo, na makanisa mengi yakaunga mkono: watoto wanafundishwa uchawi, wanajisahau, hawatarudi. Ukimweka mzazi huyo karibu na ofisa wa Dar es Salaam wa 1919, tofauti yao ni mavazi. Wote wawili walihofia kwamba cheo cha kuigiza, mtu akishakivaa, hakitavulika.

Mwandishi wa Kiswahili aliyelichukua jambo hili na kulijengea kazi nzima ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa. Watu humtaja kwanza kwa Kinjeketile ya 1969, na si makosa, lakini tamthiliya inayohusika hapa ni Mashetani, iliyotoka 1971. Inafungua na Shetani na Binadamu wakikabiliana. Baadaye ndipo inabainika kwamba ni vijana wawili wanafunzi, Juma na Kitaru, wanacheza tu: wamegawana nafasi. Mchezo unakwisha, Juma anaendelea na maisha yake. Kitaru hawezi. Anaugua, wazazi wanahangaika na tiba, naye bado anahojiana na kitu kilichotokea ndani ya mchezo kama vile kimetokea kweli.

Wahakiki wengi wameisoma Mashetani kama fumbo la ukoloni na kinachoachwa na mkoloni akishaondoka, na usomaji huo una haki yake. Ila Hussein angeweza kulisema fumbo hilo kwa njia nyingine mia. Alichagua mchezo wa vijana wawili, mmoja akiwa wa jamaa iliyopoteza ukubwa wake na mwingine wa jamaa iliyoupata juzi, kwa sababu alijua mchezo wa kugawana nafasi una makali. Alikuwa mtu wa jukwaa, na mwaka 1975 alikamilisha Berlin utafiti wake wa uzamivu juu ya maendeleo ya tamthiliya Afrika Mashariki. Alipoacha kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980, alikwenda kuishi Kariakoo, mtaani, mbali na kelele za wasomi.

Wakati huo mitaa ile ilikuwa na tamthiliya yake ambayo haikuandikwa kabisa. Vichekesho vilianza zama za ukoloni, mashuleni na mijini, kama vipande vifupi vya kuwachekesha watu katikati ya shughuli nyingine. Mshamba kashuka basi na kuku wake kwapani. Mjanja wa mjini kamwona. Mke mkali, mume mlevi, mwenye duka bahili. Nafasi hizi zilijulikana na kila mtu kama vile vyeo vya beni vilivyojulikana, na mchekeshaji alisifiwa kwa alichokiongeza usiku ule. Radio Tanzania ikavisambaza nchi nzima kupitia Pwagu na Pwaguzi, matapeli wawili ambao majina yao yamebaki midomoni mwa watu hata wasiowahi kusikia kipindi chenyewe.

Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya umma yalianzisha vikundi vya utamaduni: Reli, Urafiki, DDC Kibisa. Muungano, chini ya Norbert Chenga, kilianza 1980 kikiwa cha mtu binafsi. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporudi, ikaja Tanzania One Theatre (TOT) ya Kapteni John Komba, iliyosimama upande wa chama tawala, CCM. Mji ukagawanyika tena mara mbili kama zamani. Nasma Khamis wa Muungano na Khadija Kopa wa TOT walirushiana mipasho, na mashabiki wakapanda jukwaani kutunza noti kila mmoja kwa wake. Wajukuu wa Marini na Arinoti wasingehitaji kuelezwa sheria za mashindano yale.

Katika maonyesho ya vikundi hivyo kwenye baa, yaliyoanza na ngoma na kumalizikia kwenye taarabu, palikuwa na mchezo wa kuigiza, nao ndio kiini cha habari hii. Hakukuwa na mswada. Kiongozi wa kikundi aliwakalisha wasanii, akawasimulia kisa, akagawa nafasi. Kwa mfano: wewe umerudi safari siku moja kabla, wewe ni mkewe, unafua shati ambalo si lake, wewe ni jirani, umekuja kuomba chumvi na huondoki. Basi. Mume ataanza na salamu au ataanza na shati? Mke atakana, atacheka, au atamgeuzia kibao kwa kumuuliza alilala wapi? Kila mmoja alitegemea jibu la mwenzake, na wote walitegemea kina mama waliokaa meza za mbele, ambao hawakuona haya kumwambia mke wa jukwaani aseme nini. Igizo lililopata makofi usiku wa Ijumaa lilikuwa limebadilika likifika Jumapili.

Televisheni za binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, zilihitaji vipindi vya Kiswahili na hazikuwa na fedha za kuvitengeneza. Wasanii wa maigizo walikuwepo, na gharama yao ilikuwa ndogo. Kundi la maigizo la Kaole likawa darasa. Kupitia ITV liliwaingiza sebuleni watu ambao baadaye waliibeba sinema ya Bongo: Steven Kanumba, Vincent Kigosi, Blandina Chagula, Single Mtambalike, pamoja na wazee kama Fundi Said. Njia ya kazi ilikuwa ile ile ya kusimuliwa kisa na kugawiwa nafasi. Ndiyo sababu wazungumzaji wa filamu za mwanzo hukatizana na kurudia jambo mara tatu kama watu wanaogombana kweli. Wakosoaji waliita huo uvivu wa kuandika. Wanasahau kwamba mtazamaji aliyelelewa na maigizo ya baa alikuja kusikiliza ugomvi, na ugomvi ulioandikwa alikuwa akiugundua mara moja.

Na vyeo vya kuigiza havikuvulika. Fundi Said mtaani alikuwa Mzee Kipara mpaka alipofariki mwaka 2012. Vincent Kigosi ni Ray, Blandina Chagula ni Johari, na wawili hao walipoanzisha kampuni ya filamu waliiita RJ. Aliyezoea kucheza mama mkwe mbaya hununa sokoni watu wanapompandishia bei, kisha hucheka, kwa maana anajua muuza nyanya anaendeleza mchezo.

Tangu filamu ya Girlfriend ilipoonyesha mwaka 2003 kwamba filamu ya Kiswahili inaweza kuuza, kazi hizi zilipita Kariakoo, kwenye maduka ya jumla ambako kanda za VHS, kisha VCD na DVD, zilifungwa kwa maboksi kwenda mikoani, Lubumbashi, Bujumbura na Nairobi. Hapo mantiki ya zamani ikageuka bei. Msambazaji hakusoma kisa, maana mara nyingi hakikuwa kimeandikwa. Aliuliza nani yumo. Kanumba yumo, Ray yumo? Wamegombana? Picha ya kasha iliamua malipo, na mtayarishaji mwenye sura mbili kubwa aliweza kulipwa mara mbili kwa hadithi moja: filamu nyingi za miaka hiyo zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, nyuso zile zile juu ya makasha yote mawili, na ugomvi ukasimamishwa mtu akiwa ameinua mkono, mpaka mnunuzi arudi dukani na fedha nyingine.