Balozi Aliyekaidi Waraka

Sahihi yake ilikuwa ndefu: Aristides de Sousa Mendes. Katikati ya Juni 1940, mezani pake mjini Bordeaux, ikaanza kufupika. Foleni ilianzia barabarani, ikapanda ngazi mpaka mlangoni pa ofisi, na kila herufi aliyoiruka ilimsogeza mbele mtu wa nyuma. Mwishowe akawa anaandika Mendes tu, anagonga muhuri, anaita pasi nyingine.

Alikuwa balozi mdogo wa Ureno, mwenye umri wa karibu miaka 55, Mkatoliki wa kanisani, baba wa watoto 14 aliozaa na mkewe Angelina. Wasomaji wa pwani yetu wapate kujua pia kwamba mtu huyu aliwahi kuishi Unguja. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa bado kijana katika kazi, Ureno ilimpeleka Zanzibar kuwa balozi mdogo, na baadhi ya watoto wake walizaliwa hapo.

Wanajeshi wa Ujerumani waliingia Paris tarehe 14 Juni. Wakati huo barabara za kusini zilikuwa zimekwisha kujaa watu wenye mikokoteni, magari na watoto migongoni, na wengi wao waliishia Bordeaux. Mbele yao palikuwa na Hispania, na ng'ambo ya Hispania palikuwa na Ureno, nchi isiyopigana, yenye bandari ya kuwavusha kwenda Marekani. Ili upite, ulihitaji viza ya Ureno.

Viza hiyo ilikuwa imefungiwa. Tarehe 11 Novemba 1939 serikali ya António de Oliveira Salazar, aliyekuwa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje kwa pamoja, ilituma Waraka namba 14 kwa mabalozi wadogo wote. Watu wa aina kadhaa wasipewe viza mpaka Lisbon iulizwe kwanza: wasio na uraia, Warusi, na Wayahudi waliofukuzwa katika nchi zao. Kwa mtu aliyesimama Bordeaux huku majeshi yakimkaribia, kuambiwa asubiri jibu la Lisbon kulikuwa sawa na kukataliwa.

Karibu na sinagogi la mji Sousa Mendes alikutana na rabi Chaim Kruger, mzaliwa wa Poland, aliyekuwa amekimbia na mkewe na watoto watano. Akawakaribisha nyumbani kwake, akaahidi kuwatafutia viza. Kruger akakataa. Hawezi, alisema, kuondoka na wanawe na kuwaacha nyuma watu wote wale wa barabarani. Hapa ndipo ninapomwona rabi huyu kuwa nusu ya habari yote, ingawa makala nyingi humtaja kwa sentensi moja. Mtu mwenye watoto watano, aliyekwisha kupewa mlango, alisimama kizingitini akadai wengine nao waingie.

Balozi akaanguka kitandani. Kwa siku tatu hivi hakutoka chumbani. Tarehe 17 Juni aliinuka, akatangaza kwamba atampa viza kila aombaye, bila kujali taifa, rangi wala dini, na bila ada. Wanawe na mtoto wa ndugu yake wakaketi naye kazini. Kruger alishuka barabarani kukusanya pasi, akapanda nazo, akashuka nazo tena. Siku chache baadaye balozi alikwenda Bayonne, karibu na mpaka, akaendelea kule kule. Waliopata viza walikuwa maelfu. Vitabu vya kuandikisha viza za Bordeaux vimehifadhiwa, na mwaka 2017 UNESCO iliviingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia.

Lisbon ilimwita arudi kabla Juni haijaisha. Baraza la nidhamu lilipendekeza ateremshwe cheo. Salazar aliona adhabu hiyo haitoshi: Oktoba 1940 aliamua mtu huyu akae mwaka mzima kwa nusu mshahara, kisha astaafishwe kwa lazima. Wakati huo huo wakimbizi waliokwisha kuingia waliachwa wapite salama, na Ureno ikasifiwa kwa ukarimu wake. Aliyewafungulia mlango alikuwa akila pamoja nao, yeye na familia yake, katika jiko ambalo jumuiya ya Wayahudi wa Lisbon iliwapikia wakimbizi. Angelina alifariki mwaka 1948. Yeye alikufa tarehe 3 Aprili 1954, katika hospitali ya Wafransisko, akiwa na madeni.

Watoto walikuwa wametawanyika, wengi wakiwa Marekani na Kanada, na hawakunyamaza. Mwaka 1966 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtangaza kuwa Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Ureno ikabaki kimya. Hata Salazar alipokwisha kufa, na mapinduzi ya Aprili 1974 yakauondoa utawala aliouacha, faili la Sousa Mendes halikufunguka haraka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nishani ya nchi ya kigeni ni rahisi kutoa, kwa kuwa haimlazimishi mtoaji kukiri kosa lolote. Serikali iliyomfukuza mtumishi ina kazi nzito zaidi: kumsafisha yeye ni kukubali kwa maandishi kwamba amri yake yenyewe ilikuwa mbaya, na kwamba aliyeikaidi ndiye aliyeitumikia nchi. Uswisi nayo ilipita njia hiyo hiyo. Kapteni wa polisi Paul Grüninger wa St. Gallen, aliyewaingiza wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Austria kwa kurudisha nyuma tarehe za kuingia kwao, alifukuzwa kazi mwaka 1939 na kutiwa hatiani mwaka uliofuata. Alikufa mwaka 1972. Mahakama ilimfutia hatia mwaka 1995.

Ureno ilianza kulipa deni miaka ya 1980. Rais Mário Soares aliiomba radhi familia, na mwaka 1988 bunge lilipiga kura bila hata mmoja kupinga, likamfutia mashtaka na kumrudisha katika utumishi wa kibalozi, miaka 34 baada ya kuzikwa. Juni 2020 bunge likaamua apewe nafasi katika Panteoni ya Taifa, Lisbon, alikolazwa Eusébio, mwanasoka mzaliwa wa Msumbiji. Kumbukumbu ya Sousa Mendes ilizinduliwa tarehe 19 Oktoba 2021. Mwili haukuhamishwa, umebaki kijijini kwao, Cabanas de Viriato.

Kijijini hapo pia ipo nyumba ya familia, Casa do Passal, iliyouzwa kwa ajili ya madeni na kuachwa ikaharibika kwa miaka mingi. Imekarabatiwa. Tarehe 19 Julai 2024, siku ambayo angetimiza miaka 139, milango yake ilifunguliwa kama makumbusho.