Jina la Numwagile: Asili Yake na Sababu ya Kuwa Adimu

Jioni ya leo sitawasimulia habari za vita wala za watawala, bali habari za jina moja la mwanamke. Jina lenyewe ni Numwagile. Wengi wenu hamjapata kulisikia, na baadhi ya waliolisikia labda walicheka kidogo. Walakini jina hili lina historia yake, na historia hiyo yafaa ijulikane na watu wote wa Nyanda za Juu za Kusini, tangu Mbeya mpaka Iringa.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kila mwaka kazi yangu hunipeleka mashuleni kuwatazama wanachuo wetu wanapojizoeza kufundisha. Katika safari moja ya namna hiyo nilifika Chimala, mji mdogo ulio katika uwanda wa Usangu, chini ya milima, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya hupita kati ya maduka na magunia ya mchele. Nikaketi nyuma ya darasa la saba, na mwanachuo wetu akaanza kuita majina. Akaita Neema, akaita Rehema, akaita Upendo, na Tumaini, na Zawadi, na Atupele, kila mmoja akaitika, "Nipo, mwalimu." Kisha akaita Numwagile. Kabla mwenye jina hajafungua kinywa, kijana mmoja akanong'ona, "Amemwaga nini?" Mwenziwe akajibu, "Amemwagilia mpunga!" Darasa zima likaangua kicheko.

Baada ya vipindi msichana yule akanifuata chini ya mwembe, akanipa shikamoo, kisha akasema, "Mwalimu, majina yetu yanakaribia kupelekwa kwa ajili ya mtihani. Nimesikia ya kuwa jina likishaandikwa huko ni vigumu kulibadili. Nataka niandikwe Naomi." Nikamwuliza kama wazazi wake wanajua. Akatazama chini. Nikamwuliza maana ya jina lake. Akasema, "Sijui, mwalimu. Ni jina la bibi mzaa baba, naye alifariki kabla sijazaliwa." Siku ile sikuwa na jibu la kumpa ila kumwomba angoje majuma mawili. Hicho ndicho chanzo cha mazungumzo yetu ya leo.

Kwanza natutazame maana ya neno. Numwagile si neno la Kiswahili, wala halina uhusiano wowote na kumwaga maji. Ni neno la Kinyakyusa, na kwa kweli ni sentensi nzima iliyofungwa katika neno moja. Mwanzo wake wasema "mimi". Katikati pana "yeye". Shina lake maana yake ni kukuta au kupata kitu. Na ule mwisho wa -ile waonyesha jambo lililokwisha kutimia. Mwisho huo hata msiokuwa Wanyakyusa mwaujua, maana umo katika salamu isikiwayo kila siku njiani, "Ugonile," yaani "umelala?" Basi Numwagile ni kusema "nimempata," au "nimemkuta."

Pili natutazame asili yake. Mwaka 1891 wamisionari wa kwanza wa Kimoravian waliingia katika nchi ya Wanyakyusa kwa njia ya Ziwa Nyasa. Walikuwa wanne, wakiongozwa na Theodor Meyer. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa mwaka uo huo. Waliosalia wakajenga Rungwe, chini ya mlima wenye jina hilo. Mwaka uo huo wakaja pia wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, nao wakafanya kazi upande wa mashariki.

Wamoravian walijifunza lugha, wakajenga nyumba, wakafundisha. Lakini miaka ikapita pasipo mtu hata mmoja kuomba kubatizwa, naye akabatizwa. Watu waliwasikiliza kwa adabu, kisha wakarudi migombani mwao. Ilipofika mwaka 1897 ndipo akabatizwa mtu wa kwanza. Hakuwa chifu, wala mwana wa chifu, wala mzee wa baraza. Alikuwa mwanamke, na jina lake aliitwa Fiabarema. Siku ya ubatizo wake akapewa jina jipya, na jina hilo ndilo Numwagile. Katika vitabu vya zamani mtaliona limeandikwa Numwagire, kwa sababu Wazungu waliandika r mahali ambapo wenyeji husema l. Lakini jina ni lile lile.

Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, tukumbuke jinsi nchi zetu zilivyokuwa wakati ule. Upande wa Iringa Mkwawa alikuwa angali msituni akiwindwa na Wajerumani, maana ngome yake ya Kalenga ilikuwa imetekwa mwaka 1894, naye mwenyewe alikufa mwezi wa Julai, 1898. Huku Usangu, uwanda huu tunaoupita leo kwa mabasi, Wasangu walikuwa wamefukuzwa zamani na Wahehe, na chifu wao Merere alikuwa amejenga boma lake Utengule, upande wa Mbeya. Watu walikuwa wakihama, wakitekwa na kutafutana. Na jina la Mkwawa lenyewe ni kifupi cha Mukwavinyika, ambalo hufasiriwa kuwa mtwaaji wa nchi. Lilikuwa jina lililowafaa wanaume wa wakati ule. Katika siku zizo hizo, mwendo wa siku chache tu kutoka hapo, mwanamke mmoja akachukua jina lisilosema habari za kutwaa nchi ya mtu, bali habari za kumpata Aliyemtafuta.

Sasa nafika penye swali lililonisumbua. Ikiwa jina hili ndilo la mtu wa kwanza, mbona ni adimu? Ingetazamiwa kila kijiji cha Rungwe kiwe na kina Numwagile kumi. Lakini mimi nimesoma madaftari mengi ya shule, nami nimelikuta mara chache sana, hali Atupele ni wengi hata hawahesabiki.

Naona sababu imo ndani ya majina yenyewe. Yatazameni majina ya Kinyakyusa yaliyoenea. Atupele, maana yake ametupa. Atuganile, ametupenda. Tusekile, tumefurahi. Tusajigwe, tumebarikiwa. Tupokigwe, tumeokolewa. Mwasikia ya kuwa yote yasema "sisi." Na hao "sisi" ni nani? Ni baba na mama, na ndugu wa nyumba ile, wanaoshukuru kwa kuzaliwa kwa mtoto. Mtoto hasemi neno, husemewa. Yako pia majina yasemayo "mimi," kama Ambokile, yaani ameniokoa, na Ambwene, yaani ameniona. Lakini hata katika hayo mtendaji ni Mungu, na mtu ndiye atendewaye.

Numwagile ni kinyume cha hayo. Hapa mtu mwenyewe ndiye mtendaji: mimi nimempata. Ni jina la mtu mzima aliyetafuta, akatembea, akafikiri, akaamua, kisha akasimama mbele ya watu akatoa ushuhuda wake kwa kinywa chake. Kizazi cha kwanza cha Wakristo kilibatizwa kikiwa na akili zake timamu, na jina jipya lilikuwa neno la mwenye jina. Lakini kizazi hicho kilipozaa, watoto wakaanza kubatizwa wangali wachanga, wakibebwa mikononi mwa mama zao. Mtoto wa miezi mitatu awezaje kusema "nimempata"? Yafaa zaidi wazazi waseme "ametupa." Hivyo jina la ushuhuda likapungua, na jina la shukrani likaenea. Haya ni maoni yangu mwenyewe, lakini kila nikiyapima naona yanasimama.

Kuna na sababu ya pili. Kiswahili kilipoenea kwa shule, kwa barabara na kwa kazi, wazazi wengi walipenda majina yanayofahamika popote: badala ya Bupe wakasema Zawadi, badala ya Lugano wakasema Upendo. Jina Numwagile halikupata mwenzake katika Kiswahili, kwa kuwa hakuna mtu aitwaye Nimempata. Kwa hiyo halikutafsiriwa. Likaachwa tu, isipokuwa katika nyumba zilizokuwa na bibi wa jina hilo.

Mtauliza, lilifikaje Chimala? Lilifika kama watu walivyofika. Ardhi ya Rungwe ni nzuri, lakini watu ni wengi na mashamba ni haba. Basi Wanyakyusa wengi waliteremka Usangu kulima mpunga. Katika miaka ya 1970 likaanzishwa shamba kubwa la Mbarali, na reli ya kwenda Zambia, iliyokamilika mwaka 1975, ikapita Chimala. Wakulima walikuja na majembe yao, na mbegu zao, na majina ya bibi zao.

Kumbukeni pia ya kuwa Kinyakyusa, kama Kiswahili, hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye," wala hakitaji ni nani aliyepatikana. Fiabarema alimtaja Mungu. Lakini mama aliyekaa miaka mingi bila mtoto, akimpakata binti yake siku ya kwanza, naye aweza kusema "nimempata," na neno likawa kweli kabisa.

Baada ya majuma mawili nilirudi Chimala kama nilivyoahidi, nikaomba nusu saa katika darasa lile. Niliwaeleza haya yote, nikiandika neno ubaoni na kuligawa sehemu zake. Nilipofika penye mwaka 1897, na ya kwamba mtu wa kwanza kubatizwa na Wamoravian katika nchi ile alikuwa mwanamke mwenye jina hilo, darasa likanyamaza. Kijana aliyeanza kicheko akauliza, "Mwalimu, na jina langu maana yake nini?" Jina lake lilikuwa la Kisangu, nami sikuweza kumjibu. Nikamwambia aende akamwulize babu yake upesi, maadamu yu hai.

Msichana nilimwambia kando ya kuwa sikuja kumlazimisha, na kwamba akikubaliana na wazazi wake aweza kuitwa Naomi, ambalo nalo ni jina zuri. Akaniuliza neno moja tu: "Mwalimu, yule bibi wa kwanza alilichagua mwenyewe?" Nikamjibu ya kuwa alilipokea akiwa mtu mzima, mbele ya watu, na kwamba hakuna awezaye kuitikia jina kama hilo asipolikubali moyoni. Majina yalipopelekwa, lake lilibaki kama lilivyokuwa katika daftari. Sidhani kicheko kiliisha siku ile moja. Lakini sasa mwenye jina alikuwa na la kujibu.

Wasikilizaji, wazee wetu husema, "Jina jema hung'aa gizani." Lakini jina lisilojulikana maana yake ni kama taa isiyo na mafuta. Ninyi wazazi mliompa mtoto jina la bibi yake, mwambieni bibi huyo alikuwa nani, na kwa nini aliitwa hivyo. Nanyi wanafunzi, chukueni kalamu na daftari jioni hii, mkawaulize wazee maana ya majina yenu, mkaandike kabla hawajaondoka.