Dawa za Sida Kongo: nani amekuwa akilipa tangu 1984?

BUKAVU – Asubuhi moja nilikuwa kwenye kituo cha afya kimoja hapa mjini, kipaza sauti mkononi, nikizungumza na watu waliokuja kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mama mmoja akaniuliza: «Mwanangu, wewe wa radio, hizi dawa ni serikali inanunua ao ni wazungu? Wakichoka, sisi tutaenda wapi?» Sikuwa na jibu fupi. Ndiyo sababu ya habari hii.

Mwaka wa 1984, wakati inchi yetu ikiitwa Zaire, utafiti mkubwa ulioitwa Projet SIDA ulianza katika hospitali Mama Yemo mjini Kinshasa. Serikali ya Mobutu ilitoa ruhusa, majengo na waganga. Feza na vifaa vilitoka zaidi Marekani na Ubelgiji. Mambo mengi ambayo ulimwengu unayajua leo kuhusu Ukimwi katika Afrika yalitokea hapo. Lakini Septemba 1991 askari waliasi na mji ukaporwa. Wageni wakakimbia, na mradi ukafa. Hilo lilikuwa somo la kwanza: mwenye feza akiondoka, kazi inaondoka naye.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa na vita. Dawa zenye nguvu zilipopatikana Ulaya na Marekani mwaka wa 1996, huku kwetu vita vilikuwa vinaanza. Serikali haikuwa hata na mishahara ya waganga. Familia ndizo zilizolipa: ziliuza mbuzi, ziliuza shamba, kisha zikazika.

Hapa Bukavu mambo yalibadilika mwaka wa 2003, shirika la Waganga Wasio na Mipaka (MSF) lilipoanza kutoa dawa hizo bure. Mwaka uliofuata mji ulivamiwa na watu wa Nkunda na Mutebutsi, lakini wagonjwa wengi waliendelea kumeza vidonge vyao, kwa sababu mpango wa nyakati za vita ulikuwa umetayarishwa mapema.

Mwaka huohuo wa 2004, kwa amri ya raisi, inchi ilipata PNMLS, programu ya taifa ya kupambana na Sida katika sekta zote. Banki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 102. Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria nao ukaingia. Tarehe 14 Julai 2008 ikatoka sheria ya kulinda haki za watu wanaoishi na virusi. Kwenye karatasi, serikali ilikuwa imechukua mzigo wake. Kwenye mfuko, feza nyingi ziliendelea kutoka inje.

Hatari ilionekana mwaka wa 2011. Mradi wa Banki ya Dunia uliisha, na Mfuko wa Dunia ukafuta awamu yake ya 11 kwa kukosa feza. Januari 2012, MSF ilitangaza kwamba kati ya Wakongo 100 waliohitaji dawa, 15 tu ndio walikuwa wakizipata. Wengine walijiandikisha kwenye orodha na kungoja.

Baadaye misaada ilirudi na idadi ya wanaotunzwa ikapanda sana. Feza za Marekani, kupitia PEPFAR, zilielekezwa zaidi Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Sisi wa Kivu tulibaki tukitegemea zaidi Mfuko wa Dunia.

Kisha ukaja mwaka wa 2025. Januari, Raisi Trump alisimamisha misaada ya inje. Mwezi huohuo Goma ikaangukia mikononi mwa M23, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. Inchi yenye watu zaidi ya nusu milioni wanaoishi na virusi ilipigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Mwezi wa Juni, Raisi Tshisekedi alizindua mpango wa kumaliza Sida kwa watoto, wenye bajeti ya dola milioni 18 kwa mwaka. Ni hatua nzuri. Lakini sisi waandishi tumejifunza kutofautisha feza zinazotangazwa na feza zinazotoka. Mwaka wa 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo haijawahi kufika hapo.

Kwa hiyo, mama, jibu langu ni hili. Serikali imetoa majengo, waganga na sheria. Dawa, kwa sehemu kubwa, imelipwa na wengine. Tangu 1991 tumeona mara tatu nini kinatokea wakifunga mkoba. Swali lako halipaswi kuishia kwenye foleni. Tuwaulize wabunge wetu wanapopiga kura ya bajeti: safari hii, dawa imeandikiwa feza ngapi, na ngapi zitatoka kweli?