Flashi Imepotea na Majina ya Watu Yamo Ndani: Nani Aambiwe, na Lini?

Karani wa mgodi mdogo Nyarugusu anapeleka orodha ya malipo Geita mjini ndani ya flashi. Mhudumu wa afya Kishapu anatembea na kishikwambi chenye majina ya kaya anazozihudumia. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa Kakola ameweka hesabu zote za wanachama kwenye memori kadi ya simu yake. Vitu hivi ni vidogo, vinaingia mfukoni, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kudondoka kwenye bodaboda, kusahaulika steshenari au kuibwa stendi.

Kifaa kikipotea, wengi wetu huhesabu bei yake. Flashi ni shilingi elfu chache, basi tunanunua nyingine na kunyamaza. Katika makala hii tunaeleza kwa nini kunyamaza ndiyo hasara kubwa zaidi, sheria ya Tanzania inasemaje, na hatua za kuchukua tangu dakika ya kwanza.

Vifaa tunavyozungumzia

Ni kitu chochote kinachobebeka na kinachohifadhi taarifa: flashi, memori kadi, diski ya nje, sidii, simu, kishikwambi na kompyuta mpakato. Vishikwambi sasa viko vijijini kwa wingi. Vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilipelekwa baadaye shuleni kwa ajili ya walimu, na humo huingia majina na alama za wanafunzi.

Daftari la karatasi nalo likipotea ni tatizo. Tofauti ni kwamba daftari lina majina ya kijiji kimoja, wakati flashi moja inaweza kubeba majina ya wilaya nzima, na kunakiliwa kwa dakika moja bila mwenyewe kujua.

Nani anaumia?

Anayeumia mara nyingi si aliyepoteza kifaa. Ni mtu ambaye jina lake lilikuwa ndani, na ambaye hana habari kwamba limetoka.

Orodha ya wachimbaji yenye majina, namba za simu na kiasi walicholipwa humwambia mwizi nani wa kumvizia, na humpa tapeli sauti ya kumjua mtu: “Wewe ndiye fulani, ulipokea malipo yako juzi, sasa tuma namba ya siri tuyakamilishe.” Orodha ya wakulima wa pamba kwenye chama cha msingi inaweza kutumika hivyo hivyo msimu wa malipo.

Nzito zaidi ni taarifa za afya. Jina la mtu anayechukua dawa kliniki ya CTC likisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp Katoro au Kahama, halirudishwi. Ndoa inaweza kuvunjika na kazi kupotea, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuacha dawa kwa aibu. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka siri ya mgonjwa ilindwe.

Ziko pia taarifa za biashara. Ramani na matokeo ya utafiti wa mwamba ni mali. Kwa mchimbaji mwenye leseni ndogo, huenda ndiyo mali yake kubwa kuliko mashine.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ilianzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Aprili 2024.

Sheria haiangalii ukubwa wa ofisi. Anayekusanya taarifa za watu anaweza kuwa mtu binafsi, kampuni au taasisi ya umma, na wote wana wajibu wa kuzilinda zisipotee, zisiharibiwe wala zisifikiwe na asiyehusika. Taarifa za afya, za watoto, za miamala ya fedha na alama za vidole zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na zinahitaji ulinzi mkubwa zaidi.

Pakitokea tukio linaloathiri usalama wa taarifa hizo, taasisi inatakiwa kuijulisha Tume mapema iwezekanavyo. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2019, imeweka saa: ndani ya saa 72 tangu taasisi ilipojua. Kwa hiyo “tusubiri mwezi uishe labda itaonekana” si jibu, huku wala kule.

Kupoteza kwa bahati mbaya si sawa na kutoa siri kwa makusudi. Anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Yaliyowapata wengine

Uingereza, Oktoba 2007. Ofisi ya mapato na forodha ilituma sidii mbili kwa posta ya kawaida ya ofisini, bila kuzisajili. Ndani mlikuwa na taarifa za watu milioni 25 wa familia zinazopokea posho ya watoto, zikiwemo akaunti za benki. Sidii hazikufika. Zilitumwa tarehe 18 Oktoba, lakini viongozi wa juu wa ofisi hiyo waliambiwa tarehe 8 Novemba, na wananchi tarehe 20 Novemba. Mwenyekiti wa mamlaka hiyo alijiuzulu. Tazama hizo wiki tatu za mwanzo: wakati huo hakuna familia iliyoweza kuichunguza akaunti yake, kwa sababu haikujua.

London, 2017. Mpita njia aliokota flashi ya uwanja wa ndege wa Heathrow barabarani. Ilikuwa na mafaili zaidi ya 1,000, na haikufungwa kwa nywila wala usimbaji. Mwaka uliofuata, uwanja ulipigwa faini ya pauni 120,000. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni asilimia 2 tu ya wafanyakazi wake 6,500 waliokuwa wamepata mafunzo ya kulinda taarifa.

Amagasaki, Japani, Juni 2022. Mfanyakazi wa mkandarasi wa mji alibeba flashi yenye taarifa za wakazi wote, zaidi ya 460,000. Alimaliza kazi, hakuifuta, akapitia kula na kunywa, akalala njiani. Alipoamka, begi halipo. Tukio liliripotiwa, polisi wakasaidia kutafuta, na baada ya siku chache begi likapatikana flashi ikiwa ndani. Kilichopunguza hofu ni kwamba taarifa zilikuwa zimesimbwa: hata angeiokota mtu, bila nywila asingesoma kitu. Lakini kwenye mkutano na waandishi wa habari, ofisa wa mji akataja nywila hiyo ina herufi ngapi! Funzo lake: unapotoa taarifa, sema kilichotokea, usigawe ufunguo.

Kikipotea, fanya hivi

1. Mwambie msimamizi wako saa hiyo hiyo. Usimalize kwanza siku mbili za kutafuta kimya kimya. Tafuta, lakini ukiwa umeshasema. Kwenye kikundi au chama, msimamizi ni mwenyekiti.

2. Kama ni simu, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa simu nyingine, namba 100, wafunge laini. Fedha zako na za kikundi ziko kwenye laini hiyo.

3. Kama simu au kishikwambi kimeunganishwa na akaunti ya Google, ingia kwenye akaunti hiyo kwa kifaa kingine, tumia huduma ya kutafuta kifaa, ukifunge au ufute vilivyomo.

4. Badilisha nywila za barua pepe na mifumo yote uliyokuwa ukiifungua kwa kifaa hicho.

5. Nenda polisi ukaripoti na kupata RB. Kwa simu, taja namba ya IMEI. Ndiyo inayowezesha kifaa kufungiwa kisitumike. Hii inaweza kuwa vigumu kuipata baada ya simu kwenda, kwa hiyo bonyeza *#06# leo, uiandike kwenye daftari.

6. Msimamizi apeleke taarifa ngazi inayofuata, na taasisi iijulishe Tume.

7. Waambieni wenye majina. Ujumbe mfupi unatosha: “Orodha yenye jina na namba yako imepotea tarehe fulani. Usimpe mtu namba ya siri, hata akikutaja kwa jina.” Atakayepigiwa na tapeli aripoti namba hiyo TCRA kwa 15040.

Taarifa iwe na nini?

Taarifa nzuri haihitaji maneno makubwa. Ijibu maswali haya: ni kifaa gani, kilipotea lini na wapi, au mara ya mwisho kilionekana lini, ndani kulikuwa na taarifa za nani na za watu wangapi, kilikuwa na nywila au usimbaji, kuna nakala nyingine, na umeshachukua hatua gani. Mfano:

“Jumanne saa 10 jioni, kati ya stendi ya Kahama na ofisini Kakola, nimepoteza flashi nyeusi ya ofisi. Ina orodha ya malipo ya vibarua 84 ya mwezi uliopita: majina, namba za simu na kiasi. Haikuwa na nywila. Nakala ipo kwenye kompyuta ya ofisi. Nimerudi kwenye gari nikatafuta, sikuipata. Nimeripoti polisi na RB ninayo.”

Msimamizi akisoma hayo anajua la kufanya. Kama hukumbuki idadi kamili, kadiria na useme kuwa umekadiria. Usipunguze ili ionekane ndogo.

Kwa wenye mamlaka

Watu huficha kwa sababu wanaogopa kukatwa mshahara au kufukuzwa. Bosi anayemkata karani bei ya flashi siku aliyoripoti amewafundisha wengine wote kunyamaza. Wachimbaji wanalielewa hili vizuri: anayeona mti wa duara umeanza kupasuka hupiga kelele, na hakuna anayemlaumu kwa kusimamisha kazi. Akinyamaza kwa kuogopa msimamizi, watakaofukiwa ni wenzake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo, sera ya ofisi iandikwe hata kwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani. Iseme nani anaruhusiwa kutoa taarifa nje ya ofisi, kwa kifaa gani, na kikipotea apigiwe nani, kwa namba ipi. Iseme pia kwamba anayeripoti mapema hatatendewa sawa na aliyeficha.

Kabla hakijapotea

Beba unachohitaji tu. Kama benki inataka malipo ya mwezi mmoja, usibebe ya miaka mitano. Funga faili kwa nywila, au funga flashi nzima kwa programu ya usimbaji. VeraCrypt inapatikana bure. Usiandike nywila kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye flashi hiyo hiyo.

Steshenari, hakikisha faili lako halikubaki kwenye kompyuta ya mwenye duka, na chomoa flashi kabla ya kulipa. Ukiuza simu, toa memori kadi. Na kumbuka, kufuta faili kwa kawaida si kuliondoa; zipo programu zinazorudisha vilivyofutwa. Kifaa kilichobeba siri za wagonjwa kisiuzwe wala kugawiwa.

Ukiokota flashi

Usiichomeke uone kuna nini. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza jinsi walivyoangusha flashi 297 chuoni makusudi; karibu nusu zilichomekwa na mafaili yake kufunguliwa. Wahalifu wanaujua udadisi huo, na huweka virusi. Ipeleke polisi, ofisi ya kijiji au ofisi iliyoandikwa juu yake.

Na kama jina lako ndilo lililopotea?

Una haki ya kuuliza taasisi ina taarifa gani zako, na kulalamika kwa Tume ukiona hazikulindwa. Unaweza pia kubonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA; ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.

Swali la kuanzia ni dogo, na unaweza kuliuliza kwenye kikao kijacho cha kikundi au ofisi yako: majina yetu yamehifadhiwa wapi, na yakipotea tutaambiwa na nani?