Uokotaji wa makopo na skrepa

Uokotaji wa makopo na skrepa ni kazi ya kukusanya vitu vilivyotupwa na watu wengine, hasa taka za majumbani, ili kuviuza kwa uzito au kuvitengeneza upya. Nchini Tanzania neno "makopo" katika kazi hiyo humaanisha zaidi chupa za plastiki za maji na soda, na "skrepa" ni chuma chakavu pamoja na metali nyingine. Waokotaji hupatikana mitaani, sokoni na kwenye madampo makubwa kama Pugu Kinyamwezi (Dar es Salaam) na Dandora (Nairobi).

Jinsi biashara inavyokwenda

Mwokotaji humwuzia mwenye mizani wa mtaani, naye hulimbikiza mzigo mpaka utoshe lori la kwenda kiwandani. Mwokotaji hana pa kuweka mzigo wala mtaji wa kusubiri, hivyo huuza siku ileile kwa bei anayopangiwa. Mizani ni ya mnunuzi, na malalamiko kuwa imechezewa ni ya kawaida.

Uzito ndio unaoamua kipato. Chupa ya maji ya nusu lita huwa na gramu 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja huhitaji chupa 50 hadi 100. Ndiyo maana mtu mwenye gunia kubwa la makopo mgongoni anaweza kuwa amebeba kilo chache tu. Shaba na alumini hulipa zaidi kuliko chuma. Wazoefu hupima kwa sumaku: chuma hunaswa, shaba na alumini hazinaswi.

Si kila kitu huenda kiwandani. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za selsiasi, joto linaloweza kufikiwa kwa tanuri la mkaa lenye mvukuto, na mafundi huisubu kuwa sufuria na miko. Chuma huhitaji nyuzi zaidi ya 1,500, hivyo lazima kiende kwenye viwanda vya nondo. Mafundi bati hutengeneza koroboi kwa makopo ya bati, na matairi hukatwa kuwa katambuga.

Pwani ya Ziwa Nyasa

Lituhi, kata ya Wilaya ya Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, inaonyesha jinsi umbali unavyobadilisha kazi hiyo. Mzigo unaotoka huko kwa gari hupita barabara ya Kitai kwenda Songea, na kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Kitu kizito chenye bei nzuri, kama kichwa cha injini au sufuria mbovu za alumini, kinaweza kustahimili nauli hiyo. Chupa tupu hujaza gari bila kuwa na uzito, na faida huishia kwenye usafiri.

Kwa sababu hiyo, mbali na viwanda, chupa ina thamani zaidi ikiwa nzima. Huoshwa na kuuzwa kwa wenye kupimia mafuta ya kula, asali, maziwa au mafuta ya taa (chupa iliyokwisha kutiwa mafuta ya taa haifai tena kwa chakula). Wavuvi nao hutumia chupa zilizofungwa vizuri, au vipande vya kandambili, kama maboya ya nyavu. Zinazobaki huchomwa au husukumwa na mvua hadi ziwani.

Sheria na tuhuma za wizi

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wafanyabiashara wa chuma chakavu hutakiwa kuwa na kibali kupitia NEMC. Sababu mojawapo ya udhibiti ni wizi wa nyaya, mifuniko ya mitaro na alama za barabarani. Nchini Kenya, rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu Januari 2022, baada ya kuanguka kwa nguzo za umeme ambako serikali ilikuhusisha na hujuma. Zuio hilo liliondolewa Mei mwaka huohuo. Kwa miezi hiyo aliyeokota sufuria kuukuu jalalani alizuiwa sawa na aliyefungua bolti za nguzo.

Afya

Waokotaji hukatwa na vioo na kuchomwa na sindano, na wachache wana glovu au buti. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu. Hatari kubwa zaidi ni risasi iliyomo katika betri za magari. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisumisha wakazi wa jirani, wakiwemo watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri hizohizo bado hununuliwa kwa kilo, na mara nyingi asidi yake humwagwa chini kabla ya kupimwa.