Nyungu ya Mawe

Nyungu ya Mawe (alifariki Desemba 1884) alikuwa mtawala wa Ukimbu, nchi ya misitu iliyo katikati ya Tanzania ya leo, kati ya Unyamwezi, Ugogo na Usangu. Katika muda wa takriban miaka kumi aliunganisha temi ndogo za Wakimbu zaidi ya 30 chini ya mamlaka moja. Alifanya hivyo kwa nguvu ya askari walioitwa rugaruga na kwa kushika njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora. Anatajwa mara nyingi pamoja na Mirambo wa Urambo, aliyeishi wakati mmoja naye na kufa mwezi mmoja naye, ingawa dola aliyoijenga Nyungu ilidumu zaidi.

Jina lake ni la sifa. Maana yake ni chungu kilichojaa mawe, au chungu kigumu kama jiwe, kisichovunjika kama vyungu vingine. Masimulizi ya Wakimbu yanamkumbuka kama mtu mwenye jicho moja, mkali na asiyesamehe.

== Nchi na watu wake ==

Ukimbu ulienea katika maeneo ambayo leo yamo kusini mwa mikoa ya Singida na Tabora na kaskazini mwa Chunya. Ni nchi ya miombo na vichaka vizito, yenye maji machache wakati wa kiangazi. Wakimbu walikuwa wachache kwa idadi, wakiishi katika vijiji vilivyotawanyika. Waliishi kwa kilimo kidogo, uwindaji na kurina asali, na vijiji vilihamahama ardhi ilipochoka. Kila kundi la vijiji lilikuwa na mtemi wake, na alama kuu ya utemi ilikuwa kipande cha kombe la baharini kilichovaliwa na mtawala. Mtemi alikuwa zaidi kiongozi wa matambiko kuliko amiri wa jeshi. Aliomba mvua, alibariki mbegu na kupokea pembe ya tembo aliyeangukia katika nchi yake.

Kaskazini-mashariki mwa Ukimbu, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ikungi na Singida kwa ujumla, waliishi Wanyaturu, ambao hujiita pia Warimi. Wao hawakuwa na mfalme wala mtemi mkubwa. Mambo yao yaliamuliwa na koo na wazee. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa na msomaji anayedhani kwamba kila kabila la bara lilikuwa na chifu mkuu. Hata upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani, miaka mingi baada ya Nyungu, haukuongozwa na mfalme. Jina linalokumbukwa zaidi ni la mwanamke, Liti Kidanka, ambaye masimulizi yanasema alitumia nyuki kuwakabili askari. Uwanja wa michezo wa mjini Singida sasa unaitwa kwa jina lake.

Kusini ya Unyaturu ilipita njia kuu ya misafara. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, kisha ikaingia pori ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Hapo mzigo ulikuwa mzito na maji yalikuwa haba, na msafara uliokatika katikati haukuwa na pa kukimbilia. Vituo vya Chaya, Jiwe la Singa na Tura vilikuwa katika njia hiyo. Aliyeshika mapori hayo alishika koo la biashara ya Tabora.

== Asili yake: ugomvi wa Unyanyembe ==

Nyungu hakuwa Mkimbu kwa kuzaliwa. Alitoka katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, utemi wa Kinyamwezi uliokuwa na Tabora ndani yake, na chanzo cha safari yake ni ugomvi wa kurithi kiti.

Mtemi Fundikira alifariki mwaka 1858. Aliyemfuata, Mnywa Sele, alitaka wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walipe ushuru kwa bidhaa zao. Waarabu walikuwa wamezoea kukaa bila kutozwa. Walimfukuza mnamo 1860 na kumweka mahali pake Mkasiwa, mtu wa ukoo huohuo aliyekuwa tayari kuelewana nao. Mnywa Sele hakukubali. Kwa miaka kadhaa alizunguka na wafuasi wake katika mapori ya mashariki akikata njia za misafara. Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikutana naye na kujaribu kuwapatanisha na Waarabu, lakini hakufaulu. Mwaka 1865 Mnywa Sele alikamatwa na kukatwa kichwa.

Nyungu alikuwa upande ulioshindwa. Baada ya mauaji hayo aliiacha Unyanyembe na kuendeleza vita kwa namna yake. Tangu hapo uadui wake na Tabora ulikuwa wa aina mbili kwa pamoja. Ulikuwa kisasi cha jamaa dhidi ya jamaa aliyewekwa na wageni, na pia ushindani wa biashara ya pembe za ndovu. Waandishi wengi wa Kizungu wa wakati ule waliona wizi wa njiani tu, kwa kuwa habari zao walizipata kwa watu wa misafara. Ukiangalia chanzo chake, ni vita ya kugombea kiti iliyohamia porini.

== Rugaruga ==

Jeshi la Nyungu halikuwa la ukoo. Rugaruga walikuwa vijana waliokatika na kwao: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara na watoto waliopotelewa na wazazi katika mapigano. Wengi walikuwa na magobori, bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo, ambazo wakati huo ziliingia bara kwa maelfu. Walivaa nguo nyekundu na manyoya, na masimulizi yanataja pia mapambo ya meno na nywele za maadui waliouawa, na uvutaji wa bangi kabla ya vita. Sehemu ya vitisho hivyo ilikuwa mbinu, kwani kijiji kilichotishika kilifungua lango bila risasi kupigwa.

Inasimuliwa kwamba Nyungu aliwaita mapimpiti, yaani magogo. Gogo likiungua, huletwa jingine. Neno hilo linaeleza jinsi alivyowaona askari wake, na pia linaeleza kwa nini walimtii. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwatetea, na ngawira waliyopata ilitoka mkononi mwake.

== Hatari za ndani na jinsi alivyozikabili ==

Mnamo mwaka 1875 Nyungu alikaa Kiwele, na kutoka hapo aliziteka temi za Ukimbu moja baada ya nyingine. Kushinda hakukuwa kazi ngumu sana, kwa sababu temi zilikuwa ndogo na hazikuzoea kupigana pamoja. Ugumu ulikuwa kutawala baada ya kushinda. Yeye alikuwa mgeni. Watemi aliowashinda walikuwa na heshima ya mababu, walijua makaburi na matambiko, na watu waliamini kwamba bila wao mvua haingenyesha. Akiwaua wote, angetawala nchi iliyomwogopa lakini isiyoamini kwamba ana haki. Akiwaacha na nguvu zao, wangeasi siku atakayogeuza mgongo.

Njia aliyochagua ndiyo iliyompa sifa ya kuwa mtawala na si mporaji tu. Aliwaachia watemi wa zamani kazi za ibada, huku akiwanyang'anya madaraka ya siasa na mapato. Juu yao aliweka maofisa wake, walioitwa vatwale (kwa Kiswahili watwale). Kila mmoja alisimamia eneo lililokusanya temi kadhaa za zamani, na maeneo hayo yalikuwa sita au saba hivi. Mtwale hakupewa cheo kwa sababu ya ukoo. Aliteuliwa na Nyungu, aliwajibika kwake moja kwa moja, na aliweza kuondolewa naye.

Kazi kubwa ya watwale ilikuwa kukusanya pembe za ndovu na kuzipeleka Kiwele. Kwa desturi ya zamani pembe ingekaa kwa mtemi wa mahali. Sasa ilikwenda kwa mtawala mkuu. Kwa hiyo mtemi aliyetaka kuasi alikosa kitu cha kununulia baruti. Mtwale naye alitawala watu wasiokuwa wake, na hakuwa na ukoo wa kumwinua dhidi ya bwana wake.

Hapa ndipo Nyungu anapotofautiana na Mirambo. Mirambo aliposhinda nchi kwa kawaida alimweka mtu mwingine wa ukoo uleule uliotawala, akitegemea kwamba atamshukuru na kumwogopa. Mpango huo ulifanya kazi Mirambo mwenyewe alipokuwa hai na akienda vitani kila mwaka.

== Uhusiano na majirani na mataifa ya nje ==

Adui wa kudumu alikuwa Tabora, yaani utemi wa Unyanyembe pamoja na Waarabu walioishi humo. Mkasiwa alifariki mwaka 1876 na Isike akashika kiti, lakini uadui haukwisha. Nyungu alibana misafara upande wa mashariki, wakati Mirambo aliibana Tabora upande wa magharibi na kaskazini. Mirambo alikuwa amepigana vita kubwa na Waarabu kuanzia 1871. Katika mwaka huo Henry Morton Stanley alijiunga na jeshi la Waarabu na kushuhudia likishindwa, na sehemu ya Tabora ikachomwa. Nyungu na Mirambo walikuwa na adui mmoja na waliwahi kusaidiana dhidi yake. Hata hivyo kila mmoja aliendesha vita vyake, na Nyungu hakuwa chini ya Mirambo.

Upande wa mashariki Nyungu alisukuma mipaka yake kuelekea Muhalala, karibu na Manyoni ya leo, mahali njia ilipotoka Ugogo na kupanda kuingia porini. Kwa mtu aliyeishi kwa kutoza misafara, hapo palikuwa na thamani kuliko mashamba mengi. Wagogo walikuwa wakitoza hongo upande wao, na msafara uliomaliza kuwalipa ulijikuta mikononi mwa watu wa Nyungu.

Huko Zanzibar, Sultani Barghash bin Said (aliyetawala 1870–1888) alitaka njia ibaki wazi, kwa kuwa ushuru wa pembe ulijaza hazina yake. Lakini nguvu zake bara zilitegemea zaidi barua na wafanyabiashara kuliko askari. Kando yake alikuwepo John Kirk, balozi wa Uingereza, aliyekuwa na sauti kubwa katika mambo ya Zanzibar. Mirambo aliwaelewa watu hao mapema. Mwaka 1876 alifanya undugu wa damu na Stanley, kisha akamkaribisha Urambo mmisionari daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society, na akaandikiana na Kirk akitafuta kutambuliwa.

Nyungu hakufuata njia hiyo. Desemba 1878 watu wake walishambulia huko Chaya msafara wa Penrose, fundi mitambo wa Church Missionary Society aliyekuwa akielekea Ziwa Viktoria kujiunga na misheni ya Uganda. Penrose aliuawa na mizigo ikaporwa. Mwaka mmoja tu kabla, Desemba 1877, wamisionari Shergold Smith na O'Neill wa chama hichohicho walikuwa wameuawa Ukerewe, na habari hizi mbili zilitisha sana Ulaya. Kuanzia hapo jina la Nyungu likaandikwa katika ripoti za Waingereza kama jina la jambazi.

Hata hivyo hasara aliyoipata ilikuwa ndogo. Hakuna jeshi lililotoka pwani likafika Kiwele. Mirambo, aliyefanya bidii kupendwa na Waingereza, alipoteza yote mwaka 1880, Carter na Cadenhead walipouawa Mpimbwe katika vita ambamo majeshi yake yalishiriki. Hao walikuwa Waingereza waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kirk alimwacha. Kwa hesabu hiyo, mtawala aliyeutafuta urafiki wa Ulaya na yule aliyeupuuza waliishia karibu mahali pamoja.

== Kifo na urithi wa kiti ==

Nyungu alifariki Desemba 1884. Mirambo alikuwa amefariki tarehe 2 ya mwezi huohuo. Watu wa Tabora waliokuwa wakiwaombea wote wawili mabaya walipata nafuu kwa mara moja.

Yaliyofuata yalikuwa tofauti. Dola ya Mirambo ilirithiwa na ndugu yake Mpandashalo na ikaanza kumeguka haraka, kwa kuwa koo zilizotawala sehemu zake zilikuwa bado zimekaa mahali pao. Ukimbu ulirithiwa na binti wa Nyungu, Mgalula, bila mvunjiko wa namna hiyo. Katika sehemu hizo mwanamke kushika utemi hakukuwa kitu cha ajabu; Unyanyembe yenyewe ilipata mtawala mwanamke, Nyaso, mwaka 1893. Watwale waliendelea na kazi zao chini ya Mgalula kwa takriban miaka tisa.

Wakati huo hali ya nje ilikuwa imebadilika. Wajerumani walipata hati ya kutawala kutoka kwa serikali yao mwaka 1885, na mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera yao Tabora. Isike, adui wa baba yake Mgalula, alipigana nao hadi Januari 1893, akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake lilipotekwa. Mwaka huo Mgalula alifuatwa na Msavila. Mnamo 1895 Wajerumani waliivunja dola ya Ukimbu, watwale wakapewa nafasi ya kuwa watawala wa maeneo yao kila mmoja peke yake, na boma la Kilimatinde likawa makao ya utawala kwa upande wa mashariki. Njia ya zamani ya misafara ilikufa kabisa baada ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912. Reli hiyo inapita Manyoni na Itigi, katika mapori yaleyale ya Mgunda Mkali.

== Tazama pia ==

Mirambo, Isike, Liti Kidanka, Wakimbu, Wanyaturu, Wilaya ya Ikungi