TUNDU LA EAFONI LILIENDA WAPI? (Sehemu ya 6)

Niko zamu, wodi imetulia, ngoja niwape historia ya leo.

Wiki iliyopita tulikuwa na mzee mmoja kitanda cha dirishani. Mwanawe kamletea simu mpya asikilizie mpira. Mzee katoa eafoni zake za waya mfukoni, kaigeuza simu juu chini, kisha kaniuliza: "Nesi, mwanangu, hapa wanachomeka wapi?" Nikatafuta na mimi. Hakuna tundu!

Sasa sikia. Tundu hilo ni la zamani kuliko redio yenyewe. Lilianzia kwenye mitambo ya simu huko Marekani, karne ya 19. Enzi hizo ukipiga simu anapokea opereta, anachukua waya wenye pini, anauchomeka kwenye tundu la unayemtafuta. Mwanzoni kazi ilifanywa na wavulana, wakawa wakorofi kwa wateja, ndipo Septemba 1878 kule Boston akaajiriwa Emma Nutt, opereta wa kwanza mwanamke. (Wanawake tumeanza kutuliza watu siku nyingi.) Pini ya mitambo ile ilikuwa nene, milimita 6.35. Usidhani imekufa, gitaa la kwaya yenu linachomekwa kwa pini ya saizi hiyo mpaka leo.

Zikaja redio ndogo za transista, pini ikakonda hadi milimita 3.5. Mwaka 1979 Walkman ya Sony ikaitembeza duniani. Uzuri wake ni kwamba eafoni ya bei ya chini ya pale stendi ilikubali redio, kompyuta, simu ya kampuni yoyote.

Septemba 2016 Apple wakatoa iPhone 7 bila tundu. Hawakuwa wa kwanza, Oppo walishafanya, ila wao ndio waliofuatwa. Phil Schiller akasimama jukwaani akasema ni ujasiri. Ujasiri jamani! Na siku hiyohiyo wakatangaza AirPods, dola 159. Walijitetea kwamba tundu linakula nafasi ndani ya simu. Hapo nawaelewa. Lakini wanaosema lilitolewa ili maji yasiingie, Galaxy S7 ya mwaka huohuo ilihimili maji na tundu ilikuwa nalo. Google waliwacheka Apple, mwaka 2017 Pixel 2 ikaja haina tundu. Samsung nao waliwacheka, 2019 wakafuata na Note 10.

Kitu ambacho wengi hatukuambiwa dukani: waya wa eafoni ndio antena ya redio ya FM kwenye simu. Ukikosa waya, simu nyingi hazishiki stesheni, unabaki kusikiliza kwa intaneti. Kwa bando. Mzee hana bando. Na hizi za Bluetooth zinataka chaji kila siku, wakati soketi za wodini tunagombania na mashine.

Mwanawe akaleta adapta ya kibandani. Kimya. Jua kwamba ziko aina mbili: yenye kichipu ndani cha kugeuza sauti, na isiyo nacho, ambayo inakubali baadhi ya simu tu. Yake ilikuwa ya pili. Mpira ulishaanza.

Nikamletea simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka ila tundu lipo. Kipindi cha pili alikisikiliza chote. Karuhusiwa Jumatatu, kaondoka nayo, nami sijaidai.

Simu yako ina tundu au haina? Niambie hapo chini.